Walengwa Tisa

"Tisa?" Afisa wa Mfuko wa Sanaa aliuliza, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. "Tisa tu?"

"Vitanda ni tisa," mpiga selo alimjibu. "Mashine ni tisa. Hakuna cha kumi."

"Si unaweza kuongeza ndugu zao? Wale wanaowasindikiza?"

"Ndugu wanakaa nje kwenye benchi. Hawaruhusiwi kuingia."

Afisa alishusha pumzi kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Ofisi yake ilikuwa ndogo, feni inazunguka bila kupepea, na ukutani zilibandikwa picha za watoto waliovaa fulana za rangi moja, wote wanacheka, wote wameinua mikono. Kila mradi uliowahi kupata msaada wa Mfuko ulikuwa na picha yake pale. Mpiga selo aliziangalia zile fulana akawafikiria watu wake tisa wa wodi ya figo, waliolala chali na mirija imechomekwa mikononi. Wangeinua mkono upi?

"Dada yangu, mimi niko upande wako," Afisa alisema. "Lakini fomu inasema walengwa hamsini, kima cha chini. Tuchukue ule ukumbi wa mikutano hapo hapo hospitali, tulete shule mbili, wavae fulana, wewe upige hilo gitaa lako, Mkurugenzi aone. Nusu saa tumemaliza. Kwa nini tujitese?"

"Si gitaa, ni selo, fidla kubwa ya kupigwa umeketi. Na huu wimbo haupigiki ukumbini."

"Kwa nini haupigiki?"

Alikuwa amekwisha kueleza mara tatu, mara mbili kwa maandishi. Akaeleza ya nne. Mgonjwa wa figo hulala kwa muda wa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, na ndiyo maana wimbo wenyewe aliuita Saa Nne. Siku ya kwanza alipoingia wodi ile, mwaka mmoja nyuma, alikuwa akikaza nyuzi za selo alipogundua kwamba mashine zile zinavuma, tena zinavuma karibu kabisa na sauti ya uzi wake mnene kuliko yote. Alipopitisha uta, kile kijiti chake chenye nywele, juu ya uzi ule, selo na mashine zilielewana. Tangu hapo alikuwa akitunga kipande kwa kipande, kila Alhamisi, na wagonjwa wenyewe wakimwelekeza: hapa pandisha, hapa umetuchosha, hapo rudia. Hata ule mlio wa ti-ti-ti wa mashine inayomwita nesi ulikuwa na nafasi yake ndani ya wimbo.

"Bila mashine utasikia mtu mmoja anajibu, humsikii anayemuuliza," alimalizia.

Afisa aliangalia saa. "Haya. Alhamisi, saa nane kamili. Mimi na Mkurugenzi. Ila barua ya kibali iwe na muhuri wa hospitali, muhuri wenyewe, si wa nakala. Na ukikosa usije ukasema Mfuko una upendeleo."

Mpiga selo alishukuru. Alipofika kwenye ngazi ndipo alipojiuliza ameshukuru nini.

Msaada wenyewe ulikuwa wa miaka mitatu. Akiupata, angeaga hotelini, alikopiga jioni tano kwa wiki kando ya meza ya vyakula, na meneja amemwagiza apige kwa sauti isiyozidi ya vijiko na asiwatazame watu wakitafuna. Akiukosa, meneja alikuwa ameshamwambia la kwake: kuanzia mwezi ujao atapiga na mchana wa Alhamisi pia, au nafasi apewe mpiga kinanda, kijana ambaye chombo chake kinabebeka begani na wala hakidai kiti. Yaani mambo yalikuwa mawili tu. Ama Mfuko ukubali, ama Alhamisi ife, na Saa Nne ife nayo, ikiwa imebaki vipande viwili kukamilika.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebule ilikuwa ya mafriji. Mume wake alikuwa fundi friji, na wateja wake walikuwa wepesi wa kuleta, wazito wa kuchukua. Selo ilisimama pembeni katikati ya mafriji mawili yasiyo na milango, ndani ya sanduku lake jeusi lenye umbo la mtu aliyejifunika shuka. Mtaani walimwita Mama Jeneza, kwa sababu ya lile sanduku. Alishazoea.

Miezi saba sasa, sebule ilikuwa pia ya mama mkwe. Mama alikuwa msusi tangu ujana wake hadi magoti yalipokataa kusimama, na ingawa hakuwa tena na kichwa cha kusuka, mikono yake bado ilinukia mafuta ya nyonyo. Kila alichokigusa kilinukia nyonyo: bomba, mito, vitasa.

Jumanne ile jioni, kabla ya kwenda hotelini, mpiga selo alikuwa mezani anajaza fomu upya. Sanduku lilikuwa wazi, na Mama alikuwa ameketi kando yake, ameinamisha shingo anachungulia ndani kama mtu anayemwangalia mtoto mchanga wa jirani.

"Mwanangu, hao wageni wa Alhamisi ni wakubwa?"

"Wakubwa, mama."

"Na hizi za kwenye uta ni nywele za nini?"

"Za farasi."

"Za farasi!" Mama alizisogelea. "Mbona kavu hivi, maskini. Na vumbi lote hili jeupe."

"Mm," alijibu, bila kuinua kichwa. Alikuwa ukurasa wa sita, mahali pa kuandika mahitaji, na fomu iliyorudi ilikuwa imekatwa mstari mwekundu kwenye nywele za uta, na pembeni pameandikwa: si kipaumbele. Uta wake wa pili ulikuwa umening'inia ukutani kwa mwezi wa tano sasa, mtupu kama ufito, unamngoja msafiri wa kutoka ng'ambo aulettee nywele. Hapa hapakuwa na fundi wa kuvika nywele uta wala duka la kuziuza.

"Anaongea na wewe," mume wake alisema kutoka nyuma ya friji.

"Nimemsikia, Fundi. Nimemjibu."

"Umemjibu 'mm'."

Alikaza macho kwenye fomu. Jumatano asubuhi alipiga Saa Nne tangu mwanzo hadi pale ilipofikia, vizuri kuliko siku zote, akaiweka selo sandukuni akaenda hospitali kutafuta muhuri. Aliukosa. Mwenye muhuri alikuwa kwenye semina na kabati lilikuwa limefungwa. Alikaa kwenye benchi hadi ofisi zikafungwa, akarudi kichwa kinamgonga, akajiambia mikono inajua kazi yake, akalala. Jumatano hotelini hakuwa na zamu. Sanduku hakulifungua tena.

*

Alhamisi muhuri ulipatikana saa saba kasoro, baada ya mwenye muhuri kunywa chai yake taratibu na kumuuliza kama hicho chombo kinaweza kupiga nyimbo za kawaida. Fundi alimletea selo kwa gari lake la kazi, akaishusha nje ya geti na kuondoka mbio; kulikuwa na bucha ambayo friji lake lilikuwa limezima na nyama imeanza kulalamika.

"Mama Jeneza!" mlinzi alimpokea. "Leo mapema."

"Leo nina wageni, ndugu yangu. Hebu nipitishe mbele, siku moja tu."

"Siwezi, mama. Huku mbele watu wana wagonjwa wao. Sanduku hilo likikatiza hapa, utasikia vilio hadi kesho. Pitia kwa wafuaji."

"Lina magurudumu! Umeona wapi jeneza lina magurudumu?"

"Mimi nimeona mengi," mlinzi alisema.

Ikabidi azunguke. Geti la nyuma lilipita mahali pa kufulia nguo za hospitali, katikati ya mashuka yanayochuruzika, na alipotokea kwenye mlango wa wodi ya figo, pindo la gauni lake jeusi la maonyesho lilikuwa limelowa hadi kwenye ugoko. Sista wa wodi alikuwa mlangoni anamsubiri.

"Wageni wako wako ofisini kwangu," alisema. "Wameniuliza kama figo inaambukiza."

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia kwa wanaovaa suti tu. Haya, ingia, nimeshawaunga wote kwenye mashine."

Mashine tisa zilikuwa zinavuma. Kwenye kitanda cha tatu alikuwepo mzee aliyewahi kuwa diwani enzi hizo, ambaye wodi nzima ilimwita Mheshimiwa, yeye akidhani ni heshima tupu. Kitanda cha tano alilala dereva wa lori, na cha saba binti wa chuo aliyezoea kusoma kitabu kwa mkono mmoja. Wote walikuwa wamechanwa nywele. Mheshimiwa alikuwa amevaa koti juu ya nguo za hospitali.

"Leo usituangushe," alimwambia. "Nimewaambia hawa wapya kwamba kile kipande cha katikati nimekitunga mimi."

"Umekitunga kwa kukohoa."

"Kukohoa kwa mpangilio!"

Mkurugenzi wa Mfuko aliingia, mama mrefu mwenye mkoba, na nyuma yake Afisa na fomu yake. Walisimama karibu na mlango, mgongo mbali na ukuta. Mpiga selo aliketi, akachomoa mguu wa chuma wa selo, akauchimbia kwenye kipande cha zulia, akachukua uta.

Nywele za uta zilikuwa zinang'aa.

Kwanza alidhani ni mwanga wa dirishani. Zilikuwa zimenyooka, nyeusi kidogo, zimetulia kama nywele za bibi harusi. Akazigusa kwa kidole, kidole kikateleza. Akakipeleka puani.

Nyonyo.

Ajuaye selo anajua kwamba nywele za uta zinatoa sauti kwa kuukwaruza uzi, na zinakwaruza kwa sababu zimepakwa ulimbo, utomvu mkavu wa mti, ule unaoacha unga mweupe. Zikiingia mafuta, hazina tena meno. Mpiga selo alijua hilo kama anavyojua jina lake, lakini watu wazima kumi na wawili walikuwa wanamtazama. Akatoa kipande cha ulimbo akausugua uta kwa nguvu. Ukawa uji. Akauweka juu ya uzi mnene, akavuta.

Uta ulipita juu ya uzi kama mguu juu ya sakafu yenye sabuni. Akavuta tena. Mashine tisa zikaendelea kuvuma, zinamngoja.

"Ameshaanza?" Mkurugenzi alinong'ona, na wodi nzima ikamsikia.

"Nadhani ni huu muziki wa kisasa," Afisa akamjibu.

Damu ilimpanda mpiga selo hadi masikioni. Akauweka uta sakafuni, akaanza kuzidonoa nyuzi kwa vidole. Lakini Saa Nne ilikuwa imeshonwa kwa sauti ndefu, sauti za kuvutwa kwa dakika nzima juu ya mvumo wa mashine, na uzi wa kudonolewa hufa kabla hujahesabu tatu. Kilichotoka kilikuwa ni ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, mbele ya mtu anayesimulia habari ndefu. Mheshimiwa alimtazama, akautazama uta sakafuni, akaelewa kwamba kuna jambo limeharibika. Akafumba macho akaanza kuivumisha kwa pua ile sauti nene ya mwanzo. Ilikuwa imepauka na haikukaa sawasawa. Dereva akaipokea. Binti wa kitanda cha saba akafunga kitabu, akaingia kwa juu.

Kwa pumzi kumi hivi kulikuwa na kitu. Mpiga selo aliinua kichwa.

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Mashine ya kitanda cha tano ilikuwa inaita, na safari hii haikuwa kwenye wimbo. Presha ya dereva ilikuwa inashuka. Sista alifika kabla ya mlio wa tatu, akainamisha kitanda, akasema bila kugeuka, "Wageni nje, tafadhali. Na wewe mwenye muziki, sogeza hicho chombo."

Dereva alirudi vizuri baada ya dakika chache, akaomba msamaha kwa kuwaharibia. Wageni walikuwa bado mlangoni. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwinamia Mheshimiwa akauliza, "Mzee, huu muziki unakusaidia nini hasa?"

"Mama, figo zangu zimekufa mwaka wa nne huu. Haziamki kwa fidla. Lakini siku hizo nyingine saa nne ni nane. Alhamisi ni mbili."

Afisa alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika jibu hilo. Hakupaona. Akafunika kalamu.

"Chombo kimeharibika?" alimuuliza mpiga selo pale koridoni.

"Uta. Umeingia mafuta."

"Pole. Ila mtu wa kazi, dada, huwa na wa akiba."

"Wa akiba hauna nywele. Nimeziomba kwenu, ukurasa wa sita. Mmekata kwa wino mwekundu."

Afisa alikuna shingo. "Tumeona nia njema," alisema, akamkimbilia Mkurugenzi aliyekwisha kushika ngazi.

*

Mama alikuwa anamsubiri mlangoni, amevaa gauni lake la kutokea, utadhani na yeye alikuwa mwalikwa.

"Wamependa?" aliuliza, uso umemchanua. "Zimeng'aa?"

Mpiga selo alilisimamisha sanduku katikati ya mafriji. Njia nzima alikuwa amejiambia hatasema neno.

"Ni wewe, mama?"

"Ni mimi. Jana ulipotoka. Nimezifuta lile vumbi lote, nikazipa nyonyo, nikazichana unywele kwa unywele. Nikasema mwanangu asiende kwa wakubwa na nywele zilizofubaa..."

"Nani alikutuma?"

Mama alirudi nyuma hatua moja.

"Nani alikutuma uguse kazi yangu? Mwaka mzima, mama! Mwaka mzima nakula maneno ya watu, napita kwenye mashuka machafu kama mwizi, nabembeleza muhuri, halafu nafika mbele yao uta hautoi hata sauti ya panya! Umenimaliza!"

"Shusha sauti," Fundi alisema kutoka jikoni, mikono imejaa grisi. "Huyo ni mama yangu."

"Na hiyo ni kazi yangu!"

"Kazi gani inakufa kwa mafuta ya nywele?"

Alijuta papo hapo, ilionekana usoni. Lakini lilikuwa limeshatoka, na hakuna aliyeliokota. Mama aliitazama mikono yake, upande wa kiganja, kisha upande wa pili. Akaanza kuifuta kwenye gauni la kutokea, polepole, kidole baada ya kidole.

"Nilidhani ni nywele," alisema.

*

Asubuhi mpiga selo alipotoka chumbani alimkuta Mama uani, ameketi kwenye kistuli chake cha zamani cha kazi. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni, chanuo la meno membamba na taulo.

"Sijaugusa," alisema haraka. "Nimekungoja wewe."

Mpiga selo alisimama na kikombe chake cha chai. Hakuwa amelala vizuri na hakuwa amesamehe.

"Hebu niambie," Mama akasema. "Ule unga mweupe ulikuwa wa kazi gani?"

"Wa kushika. Nywele peke yake zinateleza. Ule unga ndio unaoukamata uzi, ukatoa sauti."

Mama alipiga paja lake kofi. "Jivu!"

"Jivu?"

"Sisi tunapaka jivu vidoleni! Nywele yenye mafuta haisukiki, mwanangu, inakuchoropoka kila unapoishika. Mteja akija amejipaka mafuta, unamrudisha kwanza akaoshe. Mafuta ni ya mwisho, ukishamaliza. Kila msusi anajua hilo. Mimi nimefanya kazi hii miaka arobaini, halafu nimekwenda kutia mafuta kabla ya kusuka." Alitikisa kichwa, amejikasirikia kweli, si kwa kujionyesha. "Ungeniambia neno moja tu. Ungesema, mama, ule ni jivu."

"Hukuniuliza."

"Nimekuuliza Jumanne. Ukanijibu 'mm'."

Mpiga selo akaketi kwenye kizingiti.

"Miezi saba niko humu ndani," Mama alisema, wala hakupandisha sauti. "Kila Alhamisi unakwenda kuwaeleza wagonjwa, huu uzi hivi, hii sauti vile. Fundi ananiambia wanakutungia hadi nyimbo. Mimi nasikia ukutani tu. Unapiga, unafunga sanduku, unaondoka. Nikajua basi, hiyo ni ya wakubwa. Nikaona hapo kwenye nywele angalau naweza kusaidia, maana nywele ninazijua."

Mpiga selo aliinuka. Aliingia ndani akauleta uta. Mama aliufunga mti wake kwa taulo, kwa namna ileile aliyokuwa akifunga shingo za wateja maji yasiwaingie, maana mti wa uta ukilowa unapinda. Wakaosha kwa povu la sabuni, Mama akichana kutoka mzizini kwenda nchani, mpiga selo akishika. Kisha wakafuta kwa ile spiriti ya Fundi ya kusafishia vyuma. Mara ya kwanza, ya pili.

"Bado," Mama alisema, akizipitisha nywele kati ya vidole. "Nyonyo haiondoki siku moja. Ndiyo maana niliichagua."

Mpiga selo akacheka bila kupenda. Zilipokauka alizipaka ulimbo, akavuta uzi mnene. Selo ilitoa sauti ya mtu mwenye mafua aliyeamshwa kwa nguvu.

*

Jibu la Mfuko lilikuja Jumatatu, kwa simu. Mradi ulikuwa na nia njema. Idadi ya walengwa haikidhi. Ubora wa vifaa una mashaka. Mwombaji anakaribishwa kuomba tena, na anashauriwa kufikiria ukumbi. Jioni hiyo hiyo meneja wa hoteli alimsikiliza kwa dakika mbili, akaja akaegemea meza ya matunda.

"Dada, hapa watu wanakula," alisema. "Hiyo sauti inawakumbusha mambo mengine. Nenda kapumzike hadi ipone. Kinanda kitatosha kwa mwezi huu."

"Na Alhamisi?"

"Na Alhamisi pia. Kwa sauti hiyo Alhamisi ya nini?"

Alikula mlo wa mwisho wa wafanyakazi, akaivuta selo hadi nyumbani. Fundi alisikiliza habari yote huku akikaza skrubu ileile iliyokwisha kukazika.

"Basi tutakula mafriji," alisema mwishoni. Kisha, bila kumtazama: "Lile neno la siku ile. Lilinitoka tu."

"Nalijua. Limenikaa pia."

Alhamisi walikwenda wawili. Mlinzi aliliona sanduku, akamwona na mama wa makamo ya juu anayechechemea kando yake.

"Na huyu ni nani?"

"Mimi ndiye ndugu wa marehemu," Mama alimjibu, akilipapasa sanduku.

Mlinzi alicheka hadi kofia ikamdondoka. Hata hivyo kidole chake kikaonyesha kule kule nyuma, kwa wafuaji.

Sista alimwona Mama akaanza kusema hairuhusiwi. Akayatazama magoti yake, akasogeza kiti karibu na kitanda cha saba, akaondoka kama hakuona. Mpiga selo alipiga Saa Nne hadi pale ilipofika. Ilikwaruza. Sauti ndefu zilikatika katikati na ilibidi azianze tena, na mara mbili aliuma meno akataka kuacha.

"Mwacheni amalize," Mheshimiwa alisema, macho amefumba. "Huyo naye ni mgonjwa mwenzetu. Yuko kwenye dozi."

Mama hakusema kitu hadi mwisho. Kisha akamgeukia binti wa chuo. "Nani alikusuka hivi? Alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Alhamisi ijayo nakuja na chanuo."

Duru mpya ya maombi ilikuwa inafungwa Ijumaa. Alipofika nyumbani mpiga selo alikaa mezani, fomu ileile, feni haipo hata ya kuzunguka bure. Fundi alisoma juu ya bega lake.

"Idadi ya walengwa, kima cha chini hamsini," alisoma. "Andika hamsini. Nani atahesabu?"

Mpiga selo aliandika, akikandamiza hadi karatasi ya chini ikachorwa: kumi.

"Kumi? Si ulisema tisa? Wa kumi nani?"

"Mwanangu!" Mama aliita kutoka uani, na maji yalisikika yakimiminwa kwenye beseni. "Niletee huo uta. Na ile spiriti ameificha wapi huyu? Nywele zake bado."